Piga Hodi Hata Kama Mikono ni Mitupu

Masomo ya kusoma: 1 Wafalme 17:8–16, Luka 14:12–14, Waebrania 10:24–25



Somo letu la mwezi huu lahusu jambo linalowapata wengi, lakini wachache hulitaja kwa kinywa. Nalo ni hili: tutumieje wakati wetu wa mapumziko pamoja na wenzetu, ikiwa mfukoni hamna kitu? Msomaji asidhani kwamba hili ni jambo dogo la michezo. Mkristo anaweza kupotea katika kundi si kwa sababu ameiacha imani, bali kwa sababu ameona haya kuja mikono mitupu.

1. Aibu ifungayo mlango

Naomba nianze na kisa changu mwenyewe. Mwaka wa pili tangu nilipostaafu ualimu, kadi tatu za michango ya harusi zilifika nyumbani kwangu katika juma moja. Pensheni ya mwezi ule ilikuwa imekwisha kwa mahindi na dawa za mke wangu. Sikumwambia mtu. Nikaanza kupita njia ya nyuma ili nisikutane na wenye kadi. Kisha nikaacha kwenda ibada ya nyumba kwa nyumba, maana kila mwisho wa ibada ilisomwa orodha ya waliotoa na wasiotoa. Mwishowe nikaacha hata kukaa barazani kwangu. Miezi minne ilipita hivyo. Nilikuwa na saa nyingi za mapumziko kuliko wakati wowote wa maisha yangu, wala sikuwa na mtu wa kukaa naye.

Aliyenitoa humo ni mzee mmoja jirani, aliyepata kufanya kazi reli. Jioni moja alikuja na bao lake kwapani, akapiga hodi, akasema, "Mwalimu, sikuja kudai. Nimekosa mtu wa kumfunga." Tulicheza hata giza likaingia. Chai haikuwapo, maana sukari ilikuwa imekwisha, naye hakuiuliza. Kesho yake akarudi.

Nimekieleza kisa hiki kwa kuwa nadhani sikuwa peke yangu. Hapa Kilosa wamo wazee waliofanya kazi reli na mashamba ya mkonge, na walimu wengi, ambao sasa hukaa majumbani mwao bila mtu wa kuwatembelea. Kule Mikumi, penye barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, shida ni ya namna nyingine. Biashara nyingi za pale huwangojea wasafiri, kwa hiyo jioni kila mahali pa kukaa pana bei yake: soda ina bei, na kibanda umiza cha kutazamia mpira kina kiingilio. Kijana asiye na shilingi husimama nje akichungulia, au hulala mapema. Mzee wa Kilosa na kijana wa Mikumi ugonjwa wao ni mmoja.

2. Neno la Mungu latufundisha nini?

Katika somo la kwanza twasoma habari za nabii Eliya na mjane wa Sarepta. Aghalabu tunapolisoma tunamtazama mjane na konzi yake ya unga. Leo na tumtazame Eliya. Alifika langoni hana kitu. Hakuleta zawadi, wala hakuwa na mchango. Hata hivyo hakuona haya kumwita mjane yule na kumwomba maji, kisha mkate. Naye mjane hakuona haya kumweleza ukweli, kwamba chakula kilichobaki ni cha mwisho. Watu wawili wasio na kitu walisemezana pasipo kufichana, na Mungu akawalisha wote siku nyingi. Kama Eliya angalipita njia ya nyuma, sijui kisa hiki kingalikwishaje.

Katika somo la pili Bwana wetu anamwonya mwenye karamu asiwaalike wale tu wawezao kumlipa, bali awaite maskini na vilema na vipofu. Tukilipima kanisa letu kwa somo hili, yatupasa kujiuliza: je, mikutano yetu ni ya watu wawezao kulipa tu? Na katika somo la tatu tunaonywa tusiache kukusanyika. Hasha, hatukuandikiwa kwamba tukusanyike tukiwa na fedha.

3. Mifano miwili ya kuigwa

Mfano wa kwanza ni wa hapa nchini. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa "Mtu ni Afya". Watu karibu milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio, kila juma kwa majuma 12. Redio moja ilitosha kikundi kizima. Baada ya kusikiliza, anayejua kusoma aliwasomea wenzake kijitabu, kisha wote wakajadiliana habari za malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu, wakaafikiana la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Wakati huo mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Mama yangu hakujua kusoma, lakini siku ya kikundi alimaliza kazi zake mapema kuliko siku nyingine. Nilidhani anafuata redio. Sasa nafahamu kwamba alifuata pia wenzake, na nafasi ya kuulizwa, "Wewe waonaje?"

Mfano wa pili ni wa kanisa letu la Anglikana. Mwaka 1876, katika parishi ya Old Alresford huko Uingereza, Mary Sumner, mke wa kasisi, aliwaalika nyumbani kwake akina mama, matajiri kwa maskini, wazungumze juu ya malezi ya watoto. Walipofika, hofu ilimshika asiweze kusema neno, akawaomba warudi juma lililofuata. Wakarudi. Hivyo ndivyo ulivyoanza Umoja wa Akina Mama, ambao leo umeenea katika nchi nyingi za dunia. Ulianza na chumba kimoja na mtu mmoja mwenye woga.

4. Mambo tuwezayo kuanza sasa

(a) Bao. Kete ni 64 na mashimo ni 32. Asiye na ubao achimbe mashimo ardhini chini ya mwembe, atumie komwe au kokoto. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mchezaji wa bao. Wazee wawafundishe vijana, nao vijana wawatekee wazee maji. Hapo hapana anayempa mwenzake sadaka.

(b) Kusoma kwa sauti. Wako wazee kwetu ambao macho yamekwisha nguvu, na wako vijana waliomaliza kidato cha nne ambao hawana la kufanya mchana. Kijana amsomee mzee sura moja ya Biblia, au gazeti, hata la juzi. Kisha mzee amsimulie habari za zamani: mashamba ya mkonge ya Kimamba yalivyokuwa, na mafuriko ya mto Mkondoa ya mwaka 2009 na 2010.

(c) Kazi ya mikono ya pamoja. Akina mama wasukao ukili wa ukindu wanajua kwamba mikono ikishughulika, ulimi hupata nafasi. Mwenye nguo ya kushona, mwenye mbaazi za kupukuchua, alete kazi yake barazani kwa mwenziwe badala ya kuifanya peke yake.

(d) Kuwatazama wagonjwa. Mgonjwa wa siku nyingi hahitaji kila mara kuletewa kitu. Ukimfagilia ua na kukaa naye nusu saa, umemletea kitu.

5. Kanuni tatu za baraza

Mtaa ukitaka kuanza baraza la namna hii, nashauri kanuni tatu. Kwanza, siku ya baraza pasisomwe orodha yoyote wala pasipitishwe kofia. Pili, kama kuna chai, iwe ya wote. Kama haitoshi wote, isiwepo. Tatu, baraza lianze na kwisha kwa saa iliyopangwa, ili mwenye jembe arudi kwenye jembe lake. Baraza lisilo na mwisho huzaa uvivu na masengenyo.

Wengine watauliza, "Je, Mwalimu, unatufundisha tuache michango?" La. Bila michango tusingezikana. Wakati wa msiba na wa ugonjwa mchango ni upendo wenyewe, na mwenye nacho akinyima anatenda dhambi. Ninalosema ni kwamba pawepo angalau siku moja katika juma ambapo Mkristo aweza kuja kwa wenzake bila kuulizwa alicholeta. Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na wakati ni kitu cha kutoa. Maskini anao sawasawa na tajiri. Pengine anao zaidi.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani katika mtaa wetu ambaye alikuwa akija ibadani na sasa haji? Je, tunajua sababu, au tunakisia tu?
2. Katika kisa cha Sarepta, ni nani aliyetoa na ni nani aliyepokea?
3. Orodha za michango zaweza kutunzwaje bila kumwaibisha asiye na kitu?
4. Ni siku gani na saa ngapi baraza lingefaa wakulima, wafanya biashara na wazee kwa pamoja?

Zoezi la juma hili

Chagua jirani mmoja ambaye hujamwona kwa muda. Nenda kwake jioni, usichukue kitu. Piga hodi, kaa naye saa moja, wala usitaje fedha. Juma lijalo tutaulizana nani alikwenda, na nani aliyefunguliwa mlango.