Kuunganisha Printa Iliyo Kwenye Mtandao Mwingine

Mkazi anapofika ofisi ya kata kufuata barua ya utambulisho, hutarajia kuondoka nayo mkononi. Hutokea barua ikawa imekwisha kuandikwa, printa ipo chumba cha pili na karatasi zipo, lakini kompyuta haiioni printa hiyo. Mkazi huambiwa arudi kesho, au aende kuchapishia mjini. Nauli na siku ya kazi hupotea, ilhali mashine ni nzima.

Mara nyingi chanzo ni kwamba vifaa hivyo viwili viko kwenye mitandao tofauti. Chukulia printa ina anwani 192.168.1.50 na kompyuta ina 192.168.2.20. Katika mpangilio wa kawaida wa ofisi ndogo, mafungu matatu ya kwanza ya tarakimu hutambulisha mtandao, na la mwisho hutambulisha kifaa. Kompyuta inapotafuta printa yenyewe, hupiga mbiu ndani ya mtandao wake tu, na kwa kawaida mbiu hiyo haivuki ruta. Basi printa isiyoonekana huenda bado inafikika, mradi iitwe kwa anwani yake.

Hatua ni nne. Kwanza, printa ipewe anwani ya kudumu, ili isibadilike kila inapozimwa na kuwashwa.

Pili, katika mipangilio ya printa ijazwe anwani ya lango, yaani ruta ya mtandao wake, kwa mfano 192.168.1.1. Hapa ndipo wengi hukwama. Printa isiyojua lango hupokea wito kutoka mtandao wa pili lakini haina njia ya kurudisha jibu, na mawasiliano hayafunguki.

Tatu, ruta iunganishe mitandao yote miwili na kuruhusu kazi za uchapishaji zipite. Printa nyingi huzipokea kupitia mlango namba 9100 au 631. Ikiwa kila mtandao una ruta yake na hakuna kiungo kati yake, kubadili mipangilio ya printa pekee hakutasaidia.

Nne, kwenye kompyuta, badala ya kusubiri printa ijitokeze, ichaguliwe njia ya kuongeza printa kwa anwani ya IP. Iandikwe 192.168.1.50, iwekwe programu endeshi ya printa hiyo, kisha uchapishwe ukurasa wa majaribio.

Ikiwa kompyuta iliyo mtandao mmoja na printa inachapisha, na ya mtandao wa pili inashindwa, likaguliwe lango kwanza, kisha ruta. Hakuna haja ya kununua printa mpya.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mlango wa printa usifunguliwe kwa intaneti nzima, kwa kuwa mtu wa mbali asiyejulikana ataweza kutuma kazi au kuchezea mipangilio. Ruhusa itolewe kwa kompyuta zinazohitajika tu, na mabadiliko ya ruta yafanywe kwa idhini ya ofisa TEHAMA. Vilevile karatasi zichukuliwe mara tu zinapotoka, maana barua ya mkazi hubeba jina na makazi yake.

Mkazi atakayeambiwa kwamba printa haionekani anaweza kuuliza kwa upole: je, imejaribiwa kwa anwani yake? Huenda swali hilo likamwokolea safari ya mjini.