Dondoo muhimu: Tuliza akili kabla ya kufungua duka

Anayenunua jibini milimani Masisi ili aiuze Goma, au mama wa Walikale anayesubiri mzigo wa mawese, hupanga bei, madeni na njia ya kupita huku masikio yakiwa kwenye habari za vita vya mashariki mwa Kongo. Akili iliyochoka hukosea hesabu, na kosa hilo hula mtaji. Kwa hiyo kujituliza ni sehemu ya kazi yenyewe. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya matajiri. Ushahidi unakataa. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, Uganda, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Waliopata vipindi vitano vya kudhibiti msongo kwa sauti zilizorekodiwa, vilivyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani, walipungukiwa msongo kuliko wenzao wasiovipata, hata miezi mitatu baadaye.

Basi kanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili, toa pumzi polepole, kisha sikiliza: mvua kwenye bati, pikipiki, jirani akifagia. Wazo la deni likija, litaje kimoyomoyo, urudi kwenye pumzi. Dakika chache zatosha. Anayesali alfajiri aendelee na sala yake na kuongeza haya. Kikundi cha AVEC, yaani cha akiba na mikopo cha kijijini, kinaweza kuanza hivyo kabla ya kuhesabu akiba. Ni kweli, pumzi haiondoi bunduki wala malipo ya vizuizi barabarani, na asidanganywe mtu. Inakupa utulivu wa kuamua vizuri pale unapoweza kuamua. Usingizi ukikupotea kwa wiki kadhaa, usijikaze peke yako: nenda kituo cha afya.