Baba, Keti Chini Ucheze na Mtoto

Mpendwa baba, mkeo akikuomba ucheze na mtoto, usijifiche nyuma ya gazeti. Ugomvi mwingi wa jioni huanzia hapo: mmoja amechoka, mwenzake amestarehe. Kusanya vizibo kumi vya soda, uvioshe, uchore mstari sakafuni kwa chaki. Mtoto wa miaka minne avirushe, kisha mhesabu pamoja. Vilivyovuka ni saba, vilivyobaki ni vitatu. Huko ndiko kujumlisha na kutoa, tena bila kiboko. (Aliye chini ya miaka mitatu asipewe vizibo, aweza kukabwa navyo; mpe sufuria na mwiko, nawe uvumilie kelele.) Robo saa yatosha. Mama apumzike, asiitwe kuja kuokota vizibo.