Kuandika Programu Pamoja: Tupatane Kwanza



Muhula uliopita sisi watano wa mwaka wa sita tulianza kuandika programu ya kujumlisha pointi za darasa. Kila mtu alikuwa na kopi yake kwenye flashi. Mmoja alirekebisha hesabu ya Kifaransa. Kesho yake mwingine akaleta kopi ya zamani, akaiweka juu ya ile mpya. Kazi ya mwenzake ikapotea, na wanafunzi wawili wakaonekana wameanguka, kumbe walipita! Mwalimu aliona kosa mbele ya matokeo kutolewa, lakini sisi tulikuwa tumeshagombana.

Je, wale wanaoandika programu wakiwa wengi wanafanya namna gani? OpenMRS ni programu ya kutunza habari za wagonjwa. Ilianza mwaka 2004, na mwaka 2006 ikatumiwa kule Eldoret, Kenya. Watu wa inchi nyingi wanaiandika, lakini mabadiliko ya mtu yanasomwa na wengine mbele ya kuingizwa. Linux nayo ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi kule Finland. Tangu 2004 kila anayeleta mistari yake anaandika jina chini, kushuhudia kwamba ana haki ya kuitoa.

Basi, tulikaa tukapatana hivi:

1. Kopi ya kweli ni moja, iko kwenye kompyuta ya masomo.
2. Lete badiliko moja moja, na useme linarekebisha nini.
3. Mtu mwingine alisome na kulijaribu, ndipo liingie.
4. Andika jina lako na tarehe.
5. Sharti lisibadilishwe na mtu mmoja, wote wakae.

Sharti la tatu lilileta maneno mengi. Sisi tunaoandika hapa tuko kapita, tukataka kazi yetu iingie bila kusomwa. Wenzetu walikataa kabisa. Tulikasirika kidogo. Lakini siku ile ile mdogo wetu wa mwaka wa tatu alisoma mistari yetu, akakuta tumegawanya kwa 40 pahali pa 50. Tulinyamaza.

Sharti linalomwacha mkubwa nje haliko sharti. Nanyi mujiulize: katika kazi yenu ya pamoja, nani anasoma kazi ya kapita?