Kukaa Mbali si Kutengana

Wasomaji wetu hawajausahau mwaka 2020. Tarehe 13 Machi ilitangazwa ya kuwa mtu wa kwanza mwenye ugonjwa wa Korona ameonekana nchini Kenya. Siku chache baadaye shule zikafungwa, na makanisa na misikiti vivyo hivyo. Tangu tarehe 27 Machi watu walikatazwa kutembea kati ya saa moja ya jioni na saa kumi na moja alfajiri. Na tarehe 6 Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa hata mwanzo wa Julai. Mwana alikuwa mjini, mama yake shamba, na kati yao palikuwa na kizuizi cha polisi.

Amri hizo zimekwisha kuondolewa. Ile ya usiku ilikoma tarehe 20 Oktoba 2021. Hata hivyo yafaa tuyakumbuke mambo hayo, si kwa kulalamika, bali kwa kujifunza.

Kwanza, na tuitazame nyumba. Baba aliyezoea kuondoka kabla ya jua na kurudi watoto wamelala alijikuta mchana kutwa kati ya watu aliowalisha miaka mingi asiwajue. Katika nyumba nyingine mazungumzo yalianza upya, na mtoto akasikia kwa mara ya kwanza habari za babu yake. Lakini katika nyumba nyingine mlango uliofungwa ulimfungia mke na watoto pamoja na mtu awapigaye. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, aliyekuwa amewaomba wapiganaji wa dunia waweke silaha chini, ilimlazimu tarehe 5 Aprili 2020 kuomba amani majumbani pia. Tusidanganyike: maradhi hayakuzaa ukali huo wote, mwingi ulikuwamo tangu zamani, nayo yakaufungia ndani. Paa moja peke yake halifanyi jamaa.

Pili, na tumtazame jirani. Agizo la kukaa nyumbani lilikuwa la haki, maana lilikusudiwa kumlinda aliye dhaifu. Ila halikuwa na uzito mmoja kwa wote. Mwenye mshahara wa mwezi alilitii akiwa kitini. Kibarua, mama muuza mboga na fundi wa jua kali hula leo walichokipata leo. Na katika Kibera na Mathare jamaa nyingi huishi chumba kimoja, na maji huyanunua kwa mtungi. Kwa watu hao jirani ndiye aliyekuwa ghala. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini safari hiyo hata fimbo ya mbali ilifaa. Tangu katikati ya Machi hadi mwisho wa mwaka ule, kutuma kwa M-Pesa fedha zisizozidi shilingi 1,000 hakukutozwa ada. Aliyekuwa na kidogo cha kugawa hakuweza tena kusingizia umbali.

Tatu, na tuwatazame wazee. Hapo sisi wenyewe twaona haya. Nyumba za ibada zilipofunguliwa Julai, waliruhusiwa watu 100 kwa muda wa saa moja, wala hawakuruhusiwa waliopita miaka 58, wala watoto wa chini ya miaka 13. Wazee waliokuwa wa kwanza kufika kila Jumapili wakabaki majumbani. Ndipo sisi wachungaji wao tulipotambua ya kuwa majina yao tunayo vitabuni, lakini nyumba za wengi hatuzijui. Tuliwaona kila juma, tukadhani twawajua.

Mazishi nayo yalitufundisha. Desturi yetu ni kukusanyika kwa mamia, kuchanga fedha, kukodi magari na mahema. Mwanzoni mwa maradhi yale waliruhusiwa watu 15 tu, jamaa wa karibu. Uchungu ulikuwa mkubwa, wala hatuudharau. Kumsindikiza marehemu ni heshima. Lakini wengi walilia zaidi kwa sababu walitambua ya kuwa yale mazishi ndiyo matembezi waliyoyaahirisha miaka mitatu au minne. Mgonjwa hakuhitaji hema. Alihitaji mtu wa kuketi naye.

Sasa njia zi wazi na mahema yamerudi. Je, nasi tumerudi tulikokuwa? Simu iliyokuwa daraja mwaka 2020 leo imekuwa ukuta mezani, kila mtu ameinamia yake. Basi twawapa wasomaji wetu mambo matatu ya kutenda. Kila nyumba iwe na mlo mmoja kwa siku usio na simu, baba na mama wakiwa wa kwanza kuziweka kando. Kila jumuiya ndogo ndogo iandike wazee na wagonjwa walio karibu, na kupanga zamu ya kuwatembelea, kazi hiyo isiachiwe wachache wenye moyo mwema. Tena kila tunapochanga kwa ajili ya mazishi, tujiulize tulichanga kiasi gani marehemu alipokuwa kitandani.

Mwaka 2020 tulikaa mbali kwa sababu tuliamriwa, na amri ile ilikuwa na upendo ndani yake. Leo hakuna aliyetuamuru. Tukikaa mbali, ni kwa hiari yetu. Pengine nyumba ya tatu kutoka kwako yupo mzee asikilizaye hatua za wapita njia. Na aende mtu leo akamjulie hali, wala asingoje kuitwa matangani.