Stenti ya Plastiki au ya Chuma? Somo Nililolipata kwa Mjomba

Nilikuwa nimepanga kuwaletea shairi, lakini likizo ya Aprili ilinipa kazi nyingine. Mjomba wangu alilazwa kwa ugonjwa wa kongosho. Alitoka hospitalini na kijibomba cha chuma tumboni, pamoja na karatasi ya kumtaka arudi baada ya wiki 4 kitolewe. Siku ilipokaribia, akakataa katakata. "Mimi nimepona, ugali naula, na mahindi yanangoja palizi. Nirudi kufanya nini?" Mama alisema mpaka akachoka. Ndipo nikakata shauri kumwuliza mwalimu wetu wa bayolojia na kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Kongosho na kifuko cha majimaji

Kongosho ni tezi iliyojilaza nyuma ya mfuko wa chakula. Hutengeneza insulini na vimeng'enya vya kusaga chakula. Likivimba, mara nyingi kwa sababu ya vijiwe vya nyongo au pombe, vimeng'enya hivyo huanza kulila kongosho lenyewe! Majimaji humwagika na kukusanyika. Mara nyingi hukauka yenyewe. Yasipokauka, baada ya wiki 4 hivi mwili huyazungushia ukuta, yakawa kama maji ndani ya kiriba.

Kuna vifuko vya aina mbili. Kimoja kina majimaji matupu. Cha pili kina majimaji pamoja na vipande vya nyama iliyokufa. Shikeni sana tofauti hii, kwani ndiyo kiini cha somo.

2. Kutoboa bila kupasua

Kifuko kikileta maumivu au homa, au kikizuia chakula kupita, hutolewa majimaji. Si lazima tumbo lipasuliwe. Daktari hupitisha kinywani mpira mrefu wenye kamera na chombo cha mawimbi ya sauti. Kwa chombo hicho huona ng'ambo ya ukuta wa mfuko wa chakula na kukwepa mishipa ya damu. Hutoboa, kisha huweka stenti ili tundu lisizibe. Majimaji huingia katika mfuko wa chakula na kwenda zake kwa njia ya kawaida.

3. Aina mbili za stenti

(a) Ya plastiki. Ni mrija mwembamba, wa kipenyo cha milimita 2.3 hadi 3.3 hivi. Ncha zake zote mbili zimejikunja kama mkia wa nguruwe ili usichomoke. Aghalabu huwekwa miwili au zaidi, na majimaji hupita ndani yake na pembeni pia. Bei yake ni nafuu na yaweza kukaa muda mrefu. Ubaya wake ni kwamba huziba upesi ikikutana na vipande.

(b) Ya chuma. Ni wavu wa nyuzi za chuma uliofunikwa kwa utando, mfupi, mpana ncha zote mbili kama kibiringo cha uzi wa cherehani. Kipenyo chake ni milimita 10, 15 au hata 20. Hebu tupige hesabu ya duara: tundu la milimita 15 lina eneo la kupita zaidi ya mirija 20 ya milimita 3.3! Daktari aweza hata kuingiza kamera ndani ya kifuko na kuvuta nyama iliyokufa. Lakini bei yake ni ghali mno.

4. Ipi bora?

Nilidhani jibu ni chuma, basi. Kumbe sivyo. Kwa kifuko cha majimaji matupu, plastiki hufanya kazi vizuri. Chuma husaidia zaidi penye vipande vingi. Wahenga walinena, kila mlango kwa ufunguo wake.

Mwaka 2019 jarida la Gut lilichapisha utafiti wa Marekani uliolinganisha stenti hizi kwa wagonjwa 60 wenye vifuko vya aina ya pili. Idadi ya mara walizotibiwa haikutofautiana sana. Ila madhara ya stenti yalizidi upande wa chuma. Kwa nini? Kifuko kikishanywea, chuma hubaki kikisugua mishipa ya damu, na mgonjwa aweza kuvuja damu ghafla. Au nyama huota juu yake, kikazikwa. Watafiti walipoanza kupiga picha wiki ya 3 na kuitoa stenti kama kifuko kimekauka, tofauti hiyo kubwa haikuonekana tena.

5. Mjomba

Nilimchorea mjomba kifuko kwenye daftari, kwanza kikubwa, kisha kilichonywea na chuma kikigusa mshipa. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Kwa hivyo mpwa wangu, kupona kwangu ndiko hatari?" Nikamjibu, "Ndiyo mjomba, kazi yake imekwisha." Alfajiri yake alipanda matatu na mama. Stenti ikatolewa, na palizi tulimfanyia sisi.

Msamiati

Stenti: kijibomba cha kuweka njia wazi mwilini. Neno limetokana na Charles Stent, daktari wa meno wa London wa karne ya 19.
Kimeng'enya: kemikali ya mwili inayosaga chakula.
Kunywea: kusinyaa.

Maswali

1. Kwa nini daktari husubiri ukuta wa kifuko ukomae?
2. Mgonjwa ana kifuko cha majimaji matupu na pesa kidogo. Utamshauri nini?
3. Tunga sentensi ukitumia neno "kunywea".