Somo la Watunza Hesabu: Flashi Inapokataa Kufunguka

Katibu wa chama cha msingi achomekapo flashi yenye orodha ya malipo ya wakulima, na kompyuta ikamtaka aifomati, yampasa akatae. Ombi hilo laonyesha kuwa kompyuta imeshindwa kusoma jedwali la mafaili. Mara nyingi mafaili yenyewe yangalimo. Chanzo cha kawaida ni kuichomoa flashi ingali ikiandikwa.

Kwanza, ajaribu tundu jingine la USB, kisha kompyuta nyingine. Isipotambuliwa kabisa, impelekee fundi.

Pili, asihifadhi kitu humo, kwani maandishi mapya hufuta ya zamani.

Tatu, atumie programu ya PhotoRec, itolewayo bure, kuyaokoa mafaili na kuyaweka katika diski ya kompyuta, si katika flashi ile ile. Kwa kuwa majina ya mafaili hupotea, kila moja lifunguliwe na kulinganishwa na stakabadhi za mizani. Hapo ndipo flashi ifomatiwe. Ikirudia kasoro, ivunjwe.

Daima nakala ya pili ibaki ofisini. Bila hiyo, mkulima atadai haki yake na chama kitakosa jibu.